Zidaka Zimehamia Mlangoni

Ukiangalia picha za nyumba za kukodi za Lamu siku hizi, hasa za kijiji cha ufukweni cha Shela, ya kwanza utakayokutana nayo ni ile ile. Ukuta mweupe uliojaa zidaka, vile vishimo vya nakshi vya kuwekea vyombo, kutoka chini hadi darini, taa ndogo imefichwa ndani ya kila kidaka, na mbele yake kochi la saruji lenye mito ya buluu. Ni picha nzuri, na mimi niliyekulia Mkomani, mtaa wa nyumba za mawe katika mji wa Lamu, huitazama kama wengine wote. Lakini nikishaitazama hubaki na swali: ukuta ule umefuata nini pale mlangoni?

Swali hili nilianza kuwa nalo miaka kadhaa iliyopita, nilipopata kazi ya ukalimani kwenye nyumba moja iliyokuwa ikijengwa upya. Mwenye nyumba hakuwepo. Aliyekuwepo ni mbunifu wa ndani ya nyumba, mama mmoja kutoka ng'ambo, mwenye jicho kali na heshima zake, na fundi wetu mzee ambaye amekuwa akipiga chokaa tangu utotoni. Mimi nilisimama katikati, nikipeleka maneno huku na kule. Siku ya pili mbunifu akafungua mchoro wake na kuonyesha mahali anapotaka zidaka: ukuta wa kwanza kabisa, ule unaokukabili ukivuka kizingiti.

Fundi aliutazama mchoro kwa muda. "Mama," akasema, "hizi ni za ndani."

Nilitafsiri. Yule mama akajibu, bila ubaya wowote, kwamba zikikaa huko ndani hakuna atakayeziona.

"Atakayekaribishwa ataziona," fundi akasema.

Mabishano yale yalichukua siku tatu, na kwangu mimi yamebeba karibu kila ninachoweza kusema juu ya wabunifu na nyumba zetu. Kuna wanaodhani mtindo wa Lamu ni vitu: zidaka, mlango wa nakshi, kiti cha enzi, kitanda cha samadari, sahani za Kichina. Mimi nasema ni mpango wa macho na kivuli. Vitu vilikuja baadaye, vikapewa mahali pao ndani ya mpango huo. Anayenunua vitu akauacha mpango atakuwa amefungua duka la kupendeza, na nyumba atakuwa hajaijenga bado.

Tuipite nyumba yenyewe, ile ya mawe ya kale, kama mgeni anavyoipita. Mtaani huoni kitu. Ukuta ni mrefu, hauna dirisha la kukuonyesha maisha ya watu. Kwanza kuna daka, kibaraza kilichoezekwa chenye mabaraza ya mawe ubavuni, na wengi waliobisha hodi shughuli yao iliishia hapo hapo: salamu, kahawa, biashara, habari za mji. Ukiruhusiwa kuingia unapita tekani, ukumbi mdogo wa kuingilia, na hapo njia inapinda. Hata mlango ukiachwa wazi, mpita njia haoni zaidi ya ukuta. Ukishapinda ndipo unapoona mwanga, maana umetokea kiwanda, ua ulio wazi kwa mbingu. Mgeni wa kiume ana chumba chake, sabule, ambacho hakimlazimu kupita penye wenyewe. Kutoka kiwanda vyumba virefu vinafuatana, kimoja nyuma ya kingine: msana wa tini, yaani ukumbi wa chini, msana wa yuu, ule wa juu, kisha chumba kiitwacho ndani, na nyuma kabisa nyumba kati, chumba cha uzazi na cha kuoshea maiti. Kila unapoingia chumba kingine unapanda kidato, na kila kidato giza linaongezeka kidogo.

Macho hayana pazia, wazee walisema, kwa hivyo nyumba ndiyo iliyotiwa mapazia. Mengine ni kuta, mengine ni kona, mengine ni hatua moja tu ya kupanda. Na kweli vitambaa pia vilikuwepo: ncha za misana, mahali pa vitanda, zilifungwa kwa mapazia yaliyoning'inizwa kwenye miti ya nakshi, na usiku ukumbi mmoja ukawa vyumba vitatu.

Upana wa vyumba hivyo haukuchaguliwa na mtu. Uliamuliwa na boriti. Dari ya mawe na chokaa ni nzito, na mti wa mkoko unaobeba uzito ule hauwezi kuvuka zaidi ya mita mbili na nusu, tatu ukijitahidi. Ndiyo maana chumba cha Lamu ni chembamba na kirefu. Zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya iko Lamu, na lugha ya wakataji ina jina kwa kila unene: fito, pau, mazio, boriti, nguzo. Uchumi mzima wa mji uko katika majina hayo matano. Mbunifu anayetaka sebule ya mita sita bila nguzo huishia kuagiza zege na chuma, kisha boriti hugandishwa chini ya dari zisibebe chochote. Nimeziona. Ukigonga, zinalia kama ubao.

Sasa zidaka. Ukuta wa chumba cha ndani uko mbali na kiwanda, mwanga unaofika huko ni ule uliokwisha kuchoka. Hapo ndipo fundi alipoweka neru, chokaa laini iliyosuguliwa hadi ikang'aa, na akaukata ukuta mashimo kwa mashimo yenye vichwa vya nakshi. Katika mashimo hayo zikakaa sahani na bakuli za kaure, zilizopakwa rangi ya kung'aa. Keti msana wa tini alasiri, utazame ndani kupitia milango inayofuatana, utaelewa bila kuelezwa. Kila ukingo wa kidaka umeshika chembe ya mwanga, kila sahani imerudisha kidogo, na chumba cha giza kina uso. Kwa maoni yangu zidaka zenyewe ndizo zilizokuwa taa. Ukizitia balbu kila kidaka umezinyang'anya kazi, na ukizipeleka mlangoni penye jua hakuna giza la kuzipa maana.

Palikuwa na jambo jingine pia. Wazee waliamini sahani hupokea jicho la husuda kabla halijamfika mtu, ipasuke yenyewe, asalimike mwenye nyumba. Ndiyo maana ziliwekwa karibu na kitanda cha bibi harusi na mahali mtoto anapozaliwa. Mshairi Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, alipotaka katika utenzi wake Al-Inkishafi kuwaonyesha watu kwamba mji wa Pate, uliokuwa na fahari, umekwisha, hakuanza na hesabu ya waliokufa tu. Aliingia ndani ya nyumba akaonyesha ndege wamelala katika madaka ya zisahani, yaani zidaka hizi hizi. Msomaji wake alijua hapo mahali ni pa nani, ndiyo maana ubeti ule unauma hadi leo.

Hapa wabunifu wa ng'ambo hunijibu kwamba desturi hubadilika, na kwamba nyumba si jumba la makumbusho. Nakubali. Tena naongeza ambalo wao kwa adabu hawalisemi: nyumba ile ya waungwana ilisimama juu ya mabega ya watumwa. Maji yalitekwa na mtu, mtama ulitwangwa na mtu, na mtu huyo hakulala ndani. Vidato vile vinavyopanda kuelekea nyuma vilimwambia kila mmoja mwisho wake ni wapi. Utumwa ulipofutwa kisheria katika pwani hii mwaka 1907, nyumba nyingi kubwa zilianza kuelemea wenyewe, maana zilijengwa kwa jeshi la mikono ambayo haikulipwa. Kwa hivyo simtaki mbunifu aige kila kitu. Namtaka ajue sababu ya kila kitu, kisha achague kwa macho mawili ipi aichukue na ipi aiache. Kivuli achukue. Mwingilio wa polepole achukue. Ngazi ya kumshusha mtu aiache huko ilikobaki.

Na kuna moja ningependa sana ichukuliwe, nayo haionekani katika picha. Nyumba hizi kwa desturi zilikuwa za wanawake. Baba mwenye uwezo alimjengea binti yake nyumba alipoolewa, au alimwongezea ghorofa juu ya ile ya mama yake, na nafasi ilipokwisha alivuka mtaa kwa wikio, kile chumba kinachopita juu ya vichwa vya watu kutoka nyumba hadi nyumba. Mume ndiye aliyehamia. Fikiria maana yake kwa upambaji: aliyeamua sahani gani ikae kidaka gani, pazia lishuke saa ngapi, nani avuke msana, ni yule ambaye nyumba ni yake na haondoki. Huko Marekani kazi ya kupamba nyumba kwa malipo huhesabiwa kuanza na Elsie de Wolfe, aliyepewa kazi ya kupamba Colony Club ya New York mwaka 1905, akatoa mapazia mazito na rangi za giza akaingiza weupe na mwanga. Namheshimu. Lakini mwaka ule ule palikuwa na mwanamke Mkomani, hatujui hata jina lake, anapanga kaure kwa mkono uliofundishwa na bibi yake, na hakuna aliyemwita mbunifu.

Nani basi amefanya vizuri katika kazi hii? Nitamtaja wa mbali kwanza. Msanifu majengo Luis Barragán alijijengea nyumba Mexico City mwaka 1948, na UNESCO ikaiingiza katika urithi wa dunia mwaka 2004, miaka mitatu baada ya Mji Mkongwe wa Lamu. Upande wa mtaa nyumba ile ni ukuta wa kawaida, haujisifu. Unaingia ukumbi mwembamba wenye mwanga hafifu, unangoja kidogo macho yazoee, kisha unatokea penye ngazi ambako ubao wa dhahabu wa msanii Mathias Goeritz unashika mwanga wa dirisha la juu na kuumwaga chini. Tekani, kiwanda, kidaka. Sijui kama aliwahi kusikia jina la Lamu, na haina haja. Alikuwa anafikiri juu ya macho na kivuli, akafika tulikofika. Rangi zake za waridi na manjano ndizo zilizoigwa duniani kote, ule ukumbi wa giza waigaji waliuruka, kama vile wanavyoiruka tekani yetu.

Kwetu huku, msanifu wa Kihispania Urko Sánchez amejenga Lamu na Mombasa, na Red Pepper House yake ni mapaa makubwa ya makuti yaliyofunika vyumba vilivyo wazi kwa upepo. Si nyumba ya mji, na haijifanyi nyumba ya mji. Hilo ndilo ninalolipenda. Ametambua kwamba ufukweni hakuna mtaa wa kujificha nao, kwa hivyo swali ni upepo na jua, akajibu swali hilo. Malindi nako msanii wa Kiitaliano Armando Tanzini, pale hotelini White Elephant, alishika njia yake ya mbao, sanamu na makuti, na ukiona kazi yake unajua ni yake. Malindi ni habari nyingine kabisa: majumba ya kiangazi yaliyotazama bahari, paa refu kama jahazi lililopinduliwa, hakuna ukuta mbele. Siyalinganishi na Mkomani. Kinachoniudhi ni pale paa la Malindi linapoletwa juu ya nyumba ya mawe ya Lamu, kisha likatiwa zidaka za Mkomani mlangoni, na yote yakaitwa Uswahili.

Niseme pia juu ya saruji, kwa sababu hapa ubaya hauko katika ladha tu. Ukuta wa kale ni mawe ya matumbawe na chokaa, unene wake karibu nusu mita, na unapumua. Maji ya mvua na umande wa bahari huingia kidogo na kutoka kidogo. Chokaa ni laini kuliko jiwe, kwa hivyo chumvi ikitaka kutoka hutokea kwenye chokaa, ikaidondosha, nawe ukapaka tena baada ya miaka. Neru ni kazi ya subira: tabaka baada ya tabaka, kusubiri inyauke, kusugua kwa jiwe laini hadi kiganja kikipita kisikie baridi kama ya kaure. Mbunifu mwenye tarehe ya kukabidhi nyumba hana subira hiyo, na saruji iliyotiwa rangi nyeupe na kung'arishwa hufanana na neru kwenye picha. Ikipigwa juu ya ukuta wa kale, unyevu hauna pa kutokea. Mwaka wa kwanza hakuna kitu. Masika ya pili au ya tatu rangi inafura kama ngozi iliyoungua, chumvi inasukuma kutoka ndani, na huko usikokuona, pale ncha ya boriti inapoingia ukutani, mti unaanza kuoza. Siku dari inapolegea, aliyepiga saruji ameshapata kazi nchi nyingine.

Nasema haya nikijua kwamba majirani zangu nao wanapiga saruji. Chokaa nzuri ni ghali na fundi wake ni wa kutafutwa, boriti ni ghali, na punda akileta mfuko wa saruji leo, kesho ukuta umesimama. Binti wa Langoni, mtaa mwingine wa mji wetu, anayeolewa anataka taili, dari ya jipsamu, makochi na dirisha kubwa. Sina neno la kumlaumu. Anataka mwanga, anataka sakafu inayofutwa kwa dakika tano kwa sababu hana wa kumsaidia, na anataka aone nani anabisha. Hayo ni mahitaji ya kweli. Ambacho hajapewa ni mbunifu wa kukaa naye chini, amwonyeshe jinsi ya kupata mwanga huo kutoka kiwanda kidogo badala ya dirisha linaloleta joto la saa tisa na macho ya mtaa, hadi afunge pazia mchana kutwa na kuwasha taa. Wabunifu wapo kisiwani, wanapita mbele ya nyumba yake kila siku wakienda Shela. Nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani: methali hii hutumiwa kwa mambo ya watu, lakini ningependa mmoja wao aisikie kama ilivyo na abishe hodi.

Nirudi kwenye zile siku tatu. Siku ya tatu asubuhi fundi hakubishana. Alikuja mapema, akachukua mawe ya kisiwa jirani cha Manda yaliyokuwa yamebaki uani, akayapanga makavu bila udongo hatua mbili mbele ya mlango, ukuta wa kimo cha mtu. Yule mama alipofika akakuta njia imezibwa, ikabidi apinde kushoto. Aliuliza ni nini hiki. Nikamtafsiria: "Zidaka zako ziweke unapotaka, mama. Mimi nimezitafutia ndani yake."

Alitoka nje akaingia tena. Akatoka akaingia mara ya tatu, mara hii polepole, mkono wake umegusa yale mawe, na alipopinda na kuukabili ukuta wa zidaka, uliokuwa bado alama za penseli tu, alisimama. Kisha akakaa juu ya ndoo ya chokaa iliyofunikwa akanyamaza muda mrefu. Akasema ukuta ubaki, na balbu ziondolewe kwenye mchoro.

Ukuta upo hadi leo. Nyumba ilitoka katika jarida, picha zikiwa zimepigwa kutokea nyuma ya ukuta ule, zidaka zikijitokeza kidogo kidogo. Waliandika jina la mbunifu, la mpiga picha, la aliyeuza vitambaa. Jina la fundi halikuwemo. Nilipotaka kuliandika hapa alinikatalia. "Kama halikuandikwa kule kwenye kazi, mwanangu, huku la nini?" Nimeiheshimu kauli yake, ila sikubaliani na waliomfikisha hapo. Mbunifu aliyejifunza kwa mtu anajua alijifunza kwa nani, na mahali pa jina hilo ni chini ya picha, kwa herufi za ukubwa ule ule.

Mara ya mwisho nilipomtembelea alikuwa na mjukuu wake wa kiume uani, kijana wa kama miaka kumi na saba. Mbele yao palikuwa na ubao uliopakwa chokaa nene, na kijana alikuwa akikata kichwa cha kidaka kwa kisu chembamba, ulimi umetoka nje kwa bidii. Upinde wa kushoto ulikuwa umeteremka kidogo kuliko wa kulia. Mzee aliutazama, akaupangusa wote kwa kiganja, akausawazisha ubao na kumrudishia kisu. Chokaa ilikuwa bado mbichi.